Mbunge Wako wa Texas Ameifanyia Nini Shule ya Mwanao? Mwongozo wa Kuchunguza Kabla ya Kupiga Kura

Uchaguzi ukikaribia, masanduku ya barua ya Texas hujaa vikaratasi vyenye picha za watoto darasani, na kila mgombea hujitangaza kuwa mtetezi wa elimu. Familia za Waswahili walioko Houston, Dallas, Fort Worth, Abilene na kwingineko huvipokea kama wengine, kisha hukisia tu nani anasema kweli. Hakuna haja ya kukisia. Mtu aliyewahi kukaa kwenye Bunge la jimbo ameacha nyuma yake kura, miswada, saa za kamati na orodha ya waliomchangia fedha. Kumbukumbu zote hizo ziko wazi, bure, kwa raia na asiye raia.

Kazi iko kwenye kuzisoma. Kura ya bunge inaweza kumdanganya hata msomi, kwa sababu "ndiyo" wakati mwingine huua jambo jema na "hapana" wakati mwingine huliokoa. Sehemu kubwa ya mwongozo huu itashughulika na hilo.

Nimechagua Texas kwa sababu miaka ya 2023 hadi 2025 bunge lake lilipigana vita kubwa za elimu, na mifano yake inafundisha. Ukiwa Ohio au Minnesota njia ni hiyohiyo, ila tovuti na majina ya ofisi hubadilika.

Kwanza, hakikisha unamchunguza mtu sahihi

Nimesikia wazazi wengi wakimlaumu mbunge wa Washington kwa ukosefu wa walimu, au wakiidai bodi ya shule ijibu kuhusu mtihani wa jimbo. Mamlaka yamegawanyika. Bodi ya shule ya wilaya huajiri msimamizi mkuu, hupanga kalenda na huamua shule ipi ifungwe. Bodi ya Elimu ya Jimbo, yenye wajumbe 15 wa kuchaguliwa, husimamia viwango vya mitaala. Bunge la jimbo, lililoko Austin, ndilo linaloamua fomula ya fedha kwa kila mwanafunzi, mtihani wa jimbo, masharti ya elimu ya lugha mbili, na kama fedha za umma ziende shule binafsi.

Bunge hilo lina mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi lenye watu 150 wanaochaguliwa kila baada ya miaka 2, na Seneti yenye watu 31 wenye vipindi vya miaka 4. Kwa hiyo una wabunge wawili wa jimbo. Ili kuwajua, fungua wrm.capitol.texas.gov, andika anwani ya nyumba yako, nayo itakupa majina na namba za maeneo yao ya uchaguzi. Namba hizo zimo pia kwenye kadi yako ya mpiga kura. Usimfuate mbunge wa jirani au wa kanisani kwenu, maana mstari wa mpaka unaweza kupita katikati ya barabara moja.

Pili, chagua maswali mawili au matatu

Kikao cha kawaida cha 2025 kilipelekewa miswada zaidi ya 8,000. Ukiingia bila swali utazama. Jiulize ni nini kinachomgusa mtoto wako.

Kama mtoto yuko kwenye mpango wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, fuatilia elimu ya lugha mbili. Sheria ya Texas inaitaka wilaya ya shule yenye wanafunzi wa namna hiyo 20 au zaidi, wa lugha moja na darasa la ngazi moja, iwape elimu ya lugha mbili. Chini ya idadi hiyo watapata mafunzo ya Kiingereza cha nyongeza. Fedha zake hupimwa kwa uzito wa 0.1, yaani asilimia 10 juu ya kiwango cha msingi cha fedha kwa kila mwanafunzi. Mbunge anayesema anawajali watoto wa wahamiaji amewahi kujaribu kuupandisha uzito huo, au kuongeza walimu wenye leseni ya lugha mbili? Swali hilo moja tu linatosha kukupa kazi ya jioni nzima.

Kama mtoto ana ulemavu, fuatilia fedha za elimu maalumu. Kama hofu yako ni ukubwa wa madarasa na walimu kuondoka, fuatilia kiwango cha msingi na mishahara. Kama unamsomesha mtoto shule ya kanisa, madrasa au nyumbani, fuatilia vocha, yaani fedha za umma za kulipia masomo nje ya shule za umma. Andika maswali yako kwenye karatasi kabla hujafungua tovuti yoyote.

Tatu, ingia kwenye kumbukumbu

Mlango mkuu ni capitol.texas.gov. Kila kikao kina namba. Alama 89(R) ni kikao cha kawaida cha Bunge la 89, kilichoanza Januari 14 na kumalizika Juni 2, 2025. Herufi R ikibadilishwa na tarakimu, hicho ni kikao maalumu kilichoitwa na gavana, na hakiwezi kuzidi siku 30. Mfano, 88(4) ni kikao maalumu cha nne cha mwaka 2023. Hili ni muhimu kwa sababu namba za miswada huanza upya kila kikao. HB 1 ya kikao kimoja haina uhusiano na HB 1 ya kingine, na vikaratasi vya kampeni hutaja namba bila kikao. Chagua kikao kwanza, ndipo uandike namba. HB ni muswada ulioanzia Baraza la Wawakilishi, SB ulioanzia Seneti.

Kama huna namba, tafuta kwa jina la mbunge na mada. Ukifungua muswada utakuta historia yake, matoleo ya maandishi, orodha ya mashahidi waliofika mbele ya kamati, uchambuzi, na makadirio ya gharama yanayotolewa na Bodi ya Bajeti ya Bunge. Anza na uchambuzi. Ni kurasa chache, na lugha yake ni nyepesi kuliko ya sheria. Kwa miswada mikubwa inayofika mbele ya Baraza la Wawakilishi, tafuta pia uchambuzi wa House Research Organization, ofisi ya utafiti ya baraza hilo. Huweka hoja za wanaounga mkono na za wanaopinga kwenye hati moja, na kwa mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, sidhani kuna njia fupi zaidi ya kuelewa ugomvi ulikuwa juu ya nini.

Angalia toleo unalolisoma. Maandishi ya siku muswada ulipowasilishwa yanaweza kuwa tofauti kabisa na yale yaliyopelekwa kwa gavana. Lenye neno Enrolled ndilo la mwisho.

Nne, soma kura kwa uangalifu mkubwa

Kura za majina huchapishwa kwenye kumbukumbu za kila siku za baraza, zinazoitwa House Journal au Senate Journal. Aliyezoea hansadi za Dodoma au Nairobi ajue tofauti: hizi hazinakili kila neno lililosemwa. Zinaonyesha hoja, marekebisho na kura. Maneno yenyewe utayasikia kwenye video, ambazo mabaraza yote mawili huzihifadhi kwenye tovuti zao.

Tangu wananchi walipopitisha mabadiliko ya katiba ya jimbo mwaka 2007, kura ya mwisho ya muswada lazima irekodiwe kwa majina. Lakini mambo makubwa mara nyingi huamuliwa kabla ya hapo, kwenye hatua inayoitwa usomaji wa pili, ambapo marekebisho huletwa. Huko kura inaweza kupigwa kwa sauti bila majina, isipokuwa wabunge watatu wadai majina yaandikwe.

Chukua vita ya vocha. Novemba 17, 2023, katika kikao 88(4), Baraza la Wawakilishi lilikuwa na HB 1 mezani. Muswada huo ulifunga mambo mawili pamoja: nyongeza ya fedha kwa shule za umma, na akaunti za fedha za umma kwa wazazi wanaopeleka watoto shule binafsi. Mbunge John Raney wa College Station, Mrepublican, alileta marekebisho ya kuondoa sehemu ya vocha. Yalipita kwa kura 84 dhidi ya 63, Warepublican 21 wakijiunga na Wademokrati. Muswada ukarudishwa kwenye kamati na haukutoka tena, na fedha za shule zilizokuwa ndani yake zikafa pamoja nao.

Sasa fikiria vikaratasi viwili kuhusu mbunge mmoja aliyepiga "ndiyo" siku ile. Kimoja kinasema alizilinda shule za umma. Kingine kinasema alizikosesha shule mabilioni. Vyote viwili vinaelekeza kwenye kura ileile. Huwezi kuamua kwa kusoma karatasi. Inabidi ujue kilichokuwa kwenye muswada, marekebisho yaliondoa nini, na baadaye kilitokea nini. Hapo ndipo uamuzi wako mwenyewe unapoanza, kulingana na unachoamini kuhusu vocha.

Endelea hadi 2025. Seneti ilipitisha SB 2, na Aprili 17 Baraza la Wawakilishi likaipitisha kwa kura 86 dhidi ya 61. Gavana Greg Abbott aliitia saini Mei 3. Sheria hiyo ilitenga dola bilioni 1 kwa kipindi cha kwanza cha bajeti, takriban dola 10,000 kwa mtoto anayekwenda shule binafsi, hadi dola 30,000 kwa mwenye ulemavu, na hadi dola 2,000 kwa anayesomea nyumbani. Warepublican wawili tu walipiga "hapana": Dade Phelan, aliyekuwa Spika, na Gary VanDeaver. VanDeaver alikuwa mmoja wa wale 21 wa mwaka 2023. Wenzake kadhaa walishindwa kwenye kura za mchujo za 2024 baada ya gavana kuwafanyia kampeni wapinzani wao, na wengine waliorudi bungeni wakabadilisha msimamo. Mbunge aliyebadilika hana kosa kwa kubadilika tu, lakini anadaiwa maelezo. Weka kura mbili hizo, ya 2023 na ya 2025, bega kwa bega, kisha tafuta kama aliwahi kueleza kilichomgeuza.

Usiku ule wa SB 2, Wademokrati walileta marekebisho mengi. Moja, la mbunge James Talarico, lilitaka suala lenyewe lipelekwe kwa wapiga kura Novemba 2025. Liliangushwa. Kwa hiyo kura ya mwisho pekee haitakuambia kama mbunge wako alikubali wananchi waulizwe. Lazima ushuke hadi kwenye marekebisho.

Na huko kwenye marekebisho kuna mtego unaowanasa wengi. Mara nyingi baraza halipigii kura marekebisho yenyewe. Mbunge mmoja hutoa hoja ya kuyaweka kando, ambayo kumbukumbu huiita motion to table, na kura hupigwa juu ya hoja hiyo. Aliyepiga "ndiyo" ameyaua marekebisho. Aliyepiga "hapana" alitaka yaishi. Kabla hujaandika lolote kwenye karatasi yako, soma sentensi iliyo juu ya orodha ya majina ujue swali lilikuwa lipi.

Orodha yenyewe ina mafungu. Yeas ni ndiyo, Nays ni hapana. Present, not voting ni aliyekuwepo asipige. Spika kwa kawaida huwa hapo, hivyo usimhukumu kwa hilo. Halafu kuna wasiokuwepo, wenye ruhusa na wasio nayo. Chini ya orodha, mara nyingine, utakuta taarifa ya mbunge anayesema mashine ilimwandika "ndiyo" ilhali alikusudia "hapana". Matokeo hayabadiliki. Mtu akifanya hivyo mara moja ni jambo la kawaida. Akifanya kila penye kura ngumu ya elimu, liandike.

Kutokuwepo nako kunahitaji sababu. Agosti 2025 Wademokrati wengi wa Baraza la Wawakilishi waliondoka jimboni ili akidi isitimie, katika mgogoro wa ramani ya viti vya Congress, yaani Bunge la Washington. Pengo la siku zile ni uamuzi wa kisiasa unaoweza kuupenda au kuuchukia, lakini si uvivu.

Kura ambayo karibu kila mtu anajivunia

HB 2 ya 2025 inastahili kuangaliwa peke yake. Ilileta takriban dola bilioni 8.5 kwa shule za umma, na karibu wabunge wote wa Baraza la Wawakilishi waliiunga mkono, wa vyama vyote. Ndiyo maana kila kikaratasi kitaitaja, na ndiyo maana haikusaidii kumtofautisha mtu na mwenzake.

Chimba ndani. Kiwango cha msingi kwa mwanafunzi kilikuwa dola 6,160 tangu 2019, na HB 2 ilikiongeza kwa dola 55 tu. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye mishahara, tena kwa ngazi: mwalimu mwenye uzoefu wa miaka 5 au zaidi alipata nyongeza ya dola 8,000 katika wilaya ya shule yenye wanafunzi wasiozidi 5,000, na dola 5,000 katika wilaya kubwa. Wa miaka 3 au 4 walipata dola 4,000 na 2,500. Kiwango cha msingi ndicho wilaya hukitumia kwa umeme, mabasi na wafanyakazi wasio walimu. Kwa hiyo muulize mbunge wako: ulipigania nyongeza ya kiwango cha msingi iwe kubwa zaidi, au uliridhika na dola 55? Jibu litapatikana kwenye miswada aliyoiandika na marekebisho aliyoyaunga mkono.

Tano, tazama alichoandika mwenyewe

Kwenye ukurasa wa mbunge utaona miswada yake. Zingatia cheo chake katika kila mmoja. Mwandishi ndiye aliyeubeba. Mwandishi mwenza anaweza kuwa ameweka saini tu, jambo lisilogharimu chochote, na baadhi yao huweka saini kwenye mamia. Anayeitwa sponsor ni yule anayeubeba katika baraza lake muswada uliotoka baraza lile lingine.

Usihesabu idadi. Angalia ulifika wapi. Miswada mingi hufia kwenye kamati bila hata kusikilizwa, kwa kuwa mwenyekiti ndiye anayepanga ratiba. Kama mbunge wako ni mwenyekiti wa Kamati ya Elimu ya Umma, kama Brad Buckley aliyeandika HB 2 na kuibeba SB 2 katika Baraza la Wawakilishi, basi kile alichokataa kukiweka kwenye ratiba ni sehemu ya rekodi yake pia. Kama ni mjumbe wa chama cha wachache, muswada uliokufa hauthibitishi uzembe.

Tazama video ya kamati angalau mara moja. Maswali anayowauliza walimu na wazazi waliosafiri hadi Austin, na jinsi anavyowasikiliza, hayaandikwi popote.

Sita, fuata fedha

Wagombea wa jimbo huwasilisha taarifa za michango kwa Tume ya Maadili ya Texas, kwenye ethics.state.tx.us. Mashirika ya biashara hayaruhusiwi kumchangia mgombea wa bunge moja kwa moja, lakini Texas haimwekei mtu binafsi kikomo. Mwishoni mwa 2023 Jeff Yass, bilionea wa Pennsylvania anayeunga mkono vocha, alimpa gavana Abbott dola milioni 6 kwa mkupuo. Tafuta jina la mgombea wako, panga michango kutoka mkubwa hadi mdogo, na uone kumi ya juu. Kuna vyama vya walimu? Kamati za shule za mkataba (charter), zinazolipwa na umma lakini kuendeshwa na mashirika binafsi? Wafadhili wa vocha walio nje ya jimbo?

Mchango hauthibitishi kwamba kura ilinunuliwa. Unaonyesha nani anategemea nini kutoka kwake. Taarifa hutolewa Januari na Julai, na kabla ya uchaguzi hutolewa siku ya 30 na ya 8. Ile ya siku ya 8 irudie, kwa maana fedha nyingi huingia mwishoni.

Mgombea asiye na rekodi ya bunge

Mpinzani mpya hana kura za kuonyesha, na ni rahisi kumwona msafi kwa sababu hiyo tu. Kama alikuwa kwenye bodi ya shule, mihutasari ya vikao iko kwenye tovuti ya wilaya hiyo. Kama hakuwahi, soma majibu yake kwenye mwongozo wa wapiga kura wa League of Women Voters, shirika la kiraia lisilofungamana na chama, ambapo wagombea hujibu maswali yaleyale. Akiacha nafasi ya elimu wazi, mwandikie umuulize.

Ukiandika, taja jambo mahususi. "Unaunga mkono elimu?" litajibiwa "ndiyo" na kila mtu. Uliza hivi: "Ungekuwa bungeni Aprili 17, 2025, ungepiga kura gani kwenye SB 2, na kwa nini?" Kwa mbunge aliyepo, taja kura yake na tarehe. Wasaidizi wa ofisi hujibu tofauti wakijua kwamba umeisoma kumbukumbu.

Mwisho, karatasi moja ya kwenda nayo

Gawanya karatasi sehemu mbili, mgombea kila upande. Weka maswali yako, kura husika na tarehe zake, muswada mmoja muhimu alioubeba, wafadhili wakubwa, na jibu alilokupa. Mwoneshe jirani au mwanafunzi wa sekondari anayesoma Kiingereza vizuri akukosoe.

Usajili lazima ukamilike siku 30 kabla ya uchaguzi, na Texas haina usajili wa kawaida wa mtandaoni: fomu hujazwa, hutiwa saini na kupelekwa kwa mkono au kwa posta. Ndugu ambaye bado hana uraia, hata mwenye kadi ya kijani, asijisajili na asipige kura kamwe, hata akishawishiwa mlangoni na mtu mwenye fomu. Kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini. Bado anaweza kumwandikia mbunge na kutoa ushahidi mbele ya kamati, kwa kuwa shule ya mwanawe inamhusu.

Chapisha karatasi hiyo au iandike kwa mkono, usiiache kwenye simu. Simu haziruhusiwi kutumika ndani ya kituo cha kupigia kura, wala ndani ya futi 100 za vyombo vya kura. Maandishi yako ya karatasi yanaruhusiwa. Na mzazi asiyesoma Kiingereza ana haki kwa sheria ya shirikisho kuingia na msaidizi anayemchagua yeye, awe mwana, shemeji au rafiki, mradi asiwe mwajiri wake au wakala wa mwajiri huyo, wala ofisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi ataapishwa hapohapo na karani, kisha atamsomea majina kama yalivyo.